Picha za Siku Hizi Zinapigwa Gizani

Rimoti alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachowaka na kuzimika. Ukimkuta kwenye banda lake la ufundi, katikati ya televisheni zilizopasuliwa matumbo, humalizi salamu kabla hajakuuliza kama umesikia kwamba ile tamthilia ya mapacha inaongezewa msimu wa tano. Ukisema hujasikia, umekwisha. Atakueleza kwa nini msimu wa tano ni wizi, kwa nini hadithi yenyewe ilikwisha msimu wa pili, na kwa nini mtunzi anayemfufua mtu tuliyekwisha kumlilia na kumzika anastahili kupelekwa mahakamani. Ukisema umesikia ndiyo balaa zaidi, maana hapo atataka kujua na wewe unaonaje, na maoni yako hayatakuwa sawa hata siku moja.

Jina hilo alipewa na majirani. Alikuwa akiingia nyumba ya mtu kusalimia tu, dakika tano hazipiti, rimoti ya mwenye nyumba iko mkononi mwake na stesheni imebadilishwa. Hakuna aliyekasirika. Ndiye aliyewatengenezea hizo televisheni, tangu enzi za zile za chogo ambazo kuzibeba kulihitaji wanaume wawili, mpaka hizi bapa zinazotundikwa ukutani kama kalenda. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na miwili.

Redio ya mtaa ilipoanzishwa, ghorofa ya pili juu ya duka la vifungo na nyuzi, walimpa nusu saa kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Humo alisoma habari za wiki: filamu gani imetoka, tamthilia gani imekatwa, waigizaji gani wamegombana na mtayarishaji. Halafu akatoa hukumu. Alizilaumu kampuni za ving'amuzi zinazokuuzia chaneli sabini ili upate mbili unazozitaka, akisema ni sawa na kulazimishwa kununua gunia la mahindi kwa sababu umeomba hindi moja. Aliziomboleza diski. "Diski ukinunua ni yako," alisema. "Hizi za mtandaoni umekodishwa tu. Wakiamka vibaya wanaiondoa, unabaki unasimulia filamu ambayo hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuwepo." Watu walipiga simu kumpinga, na mpinzani mkubwa alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, aliyeangalia kila kitu huku akinyoa. Wawili hao walipendana sana, kwa mapenzi yale ya kutukanana.

Basi mwaka juzi Rimoti akaja na hoja mpya. Alisema picha za siku hizi zinapigwa gizani. Waongozaji wanabana matumizi ya taa, halafu wanaiita sanaa. Mtu anaingia chumbani, humjui ni shujaa ama ni kabati. Hoja ilishika moto. Wasikilizaji walipiga simu kutaja filamu zao za giza, na mmoja alisema mkewe alilala mwanzo hadi mwisho akidhani televisheni imezimwa. Kinyozi peke yake ndiye aliyesema, "Lakini kwangu mbona zinaonekana vizuri tu?" Rimoti akamjibu kwamba amepandisha mwanga wa televisheni yake mpaka waigizaji wamefanana na maiti. Mtaa mzima ulicheka.

Na kwa kuwa alikuwa fundi, alifanya ambalo fundi peke yake angelifanya. Aliifungua televisheni yake mwenyewe na kubadilisha taa za nyuma ya kioo. Giza likapungua siku mbili tatu, ama alijiaminisha hivyo, kisha likarudi. Akabadilisha taa mara ya pili. Akatafuta kioo kingine kizima, akakifunga. Akalaumu waya, akalaumu king'amuzi, akalaumu umeme wa mtaa. Pembe za picha zilikuwa zinaliwa kidogo kidogo, naye aliandika kwenye daftari lake: kingo hafifu, pande zote mbili. Ugonjwa aliupatia sawasawa. Alikosea mgonjwa tu.

Alipoteza miezi kumi na minne hivyo. Aliyemzindua ni chuma cha kulehemu, alichokishika upande wa moto mchana kweupe, akidhani anashika mpini. Mkewe alisikia ukelele, akatoka kwenye cherehani na sindano bado iko mdomoni, akamkuta amesimama na kiganja wazi, anakitazama kando ya mahali kilipokuwa.

Hospitali walimwambia ni presha ya macho. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka, alimweleza kwamba ugonjwa huo hauumi, unaanzia pembeni ukija katikati, na kwamba matone ya dawa yanaweza kukilinda kilichobaki lakini kilichokwenda hakirudi. Na kilichobaki ni kidogo sana.

"Mwaka jana ungefika, tungezungumza mengine," alisema. "Hukuona dalili yoyote?"

"Niliona," Rimoti alijibu. "Nilikuwa nabadilisha taa."

Daktari hakuelewa. Mkewe alielewa, akaangalia sakafu.

Kabla mwaka haujageuka, kilichobaki nacho kikaenda. Banda la ufundi lilifungwa. Watoto wao walikuwa wameshatawanyika na maisha yao. Walipiga simu, wakalia, wakatuma salamu na pole. Ikabaki nyumba ya vyumba viwili, cherehani dirishani, televisheni yenye taa mpya kabisa, na Jumamosi. Hiyo Jumamosi ndiyo Rimoti aliapa haitamtoka. Ufundi umekwenda, macho yamekwenda. Nusu saa ile ikienda naye ataitwa nani? Redioni hakumwambia mtu. Alijiuliza swali ambalo alijua wangemuuliza: kipofu atahukumuje filamu? Jibu hakuwa nalo, kwa hiyo akaamua wasiulize.

"Wewe utakuwa macho yangu," alimwambia mkewe. Hakuuliza. Alitangaza tu, kama anatangaza tamthilia mpya.

Mkewe hakuwahi kupenda filamu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwa miaka yote alikaa ameipa televisheni mgongo, anasikia milio ya bastola na vilio vya wapenzi huku akipinda mikono ya mashati. Sasa alivuta kiti, akakaa karibu na mumewe kila alasiri, akaanza kusimulia. Alisimulia kwa lugha aliyokuwa nayo.

"Kaingia mwanamke. Gauni la kijani. Bega la kulia limeshonwa vibaya, linavuta."

"Achana na bega. Uso ukoje?"

"Uso wa mtu aliyeshiba anayejifanya ana njaa."

"Na mume?"

"Mume koti si lake. Ameazima. Mikono imemzidi."

Rimoti alipiga paja. Lile koti ndilo lililomfanya Jumamosi moja ya mwezi wa sita aseme hewani kwamba tajiri wa tamthilia ile ni tajiri wa kuazima, tazameni mikono ya koti lake, mtayarishaji hana hata bajeti ya fundi nguo. Simu zikamiminika. Watu wakarudia kuitazama tamthilia kwa ajili ya mikono ya koti. "Rimoti siku hizi una jicho kali!" kinyozi alikiri, na kukiri kwake kulikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Rimoti alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtoto, akamrudishia mkewe maneno yote. Mkewe alikuwa ameshayasikia kupitia redio ya duka la vifungo. Alikuwa akimsindikiza kila Jumamosi kwa kisingizio cha kununua nyuzi, anamwacha chini ya ngazi, na Rimoti anapanda peke yake ngazi kumi na nne, mkono ukutani, miwani nyeusi usoni. Redioni walidhani miwani ni mbwembwe za ustaa. Mezani aliweka karatasi nyeupe zisizo na herufi hata moja, akawa anazifunuafunua karibu na maikrofoni ili zisikike.

Mambo yalikwenda hivyo miezi minane kwa jumla, na sisi wanaume tuna ujinga wetu mmoja: tukihudumiwa vizuri, tunadhani anayetuhudumia anafurahi. Mama yule alimtia mumewe matone mara nne kwa siku. Alimkata kucha, alimtafutia sahani, alimfuata uani alipopotea hatua sita kutoka mlangoni. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare zilikuwa zimejaa mpaka kitandani. Na katikati ya hayo yote, kila alasiri, akae asimulie watu wasiokuwepo wamevaa nini. Sauti yake ilianza kufupika.

"Wako wapi sasa?"

"Chumbani."

"Chumba gani?"

"Chumba, mzee. Kina kuta."

Rimoti alicheka. Alidhani ni mzaha, na akautumia redioni.

Ndipo ilipokuja ile filamu ya mpiga picha. Ilikuwa habari ya mji. Kila aliyekuwa na king'amuzi alisubiri Jumapili ile. Ni hadithi ya mzee mwenye studio ya picha anayepofuka, na mkewe anayemtunza. Unaweza kufikiri Rimoti angeikwepa. Wapi! Aliisubiri kuliko wote. Alisema atakuwa mtu wa kwanza kuihukumu akijua anachosema, hata kama sababu hatoitaja. Alioga mapema, akavaa shati safi, akakaa.

Mkewe alisimulia vizuri siku hiyo, pengine kuliko siku zote. Alimweleza studio ilivyo, pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, picha za maharusi ukutani. Alimweleza mikono ya yule mzee inavyopapasa kamera. Kuelekea mwisho maneno ya waigizaji yalikoma. Rimoti alisikia kelele za mtaani, pikipiki, mtu anauza kitu kwa kipaza sauti, nyayo zikienda. Mkewe naye alikuwa amenyamaza.

"Kuna nini? Sema basi."

"Amemketisha mumewe kwenye benchi, stendi ya mabasi," alisema. "Amemwambia anakwenda kununua maji."

Nyayo zile zilipotea. Mtaa uliendelea kuvuma kwa muda mrefu sana.

"Halafu?"

Cherehani ilikuwa kimya, na saa ya ukutani ilisikika. "Halafu amerudi," mkewe alisema. "Ana chupa mbili. Wanakunywa. Imekwisha."

Rimoti alivuta pumzi ndefu. Alishika goti la mkewe, akalibana, akasema hiyo ndiyo filamu.

Jumamosi alipanda ngazi kama kijana. Mtangazaji wa zamu, kijana mcheshi aliyemwita mzee kwa heshima ya kweli, alimfungulia maikrofoni, naye hakupoteza muda kwa habari nyingine. Alisema amechoshwa na waongozaji wanaofikiri huzuni ndiyo akili, wanaoua watu dakika ya mwisho ili tuwaone wana kina. Huyu amekomaa, alisema. Huyu ametuonyesha mke anayemwacha mumewe kwenye benchi, ametutia hofu dakika tatu nzima bila neno, kisha amemrudisha na chupa mbili za maji. "Wakanywa," Rimoti alisema. "Hakuna muziki, hakuna kilio. Maji tu. Asiyeona hapo mapenzi, huyo ndiye kipofu."

Alingoja mtangazaji aseme kitu. Mtangazaji alichelewa.

"Eeh... tuna simu," alisema mwishowe.

Alikuwa kinyozi. "Rimoti! Umeangalia filamu gani wewe? Yule mama hajarudi!"

"Amerudi na chupa mbili."

"Chupa za wapi? Kapanda basi! Kaonekana dirishani anafunga kitambaa, basi likaondoka, mzee kabaki anatabasamu peke yake. Watoto wangu wamelia mpaka wamekataa kula."

"Ulikuwa unakata mtu sikio, ukakosa mwisho," Rimoti alijibu, akatarajia kicheko. Kicheko hakikuja. Simu ya pili ikasema vilevile, basi, kitambaa, benchi. Ya tatu alikuwa mwanamke aliyeuliza kwa huruma kama pengine umeme ulikatika kwa mzee.

Mtangazaji akaweka wimbo. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, na mimi nimeiona. Hakurudi. Ninayo kwenye simu hapa, hebu tazama mwenyewe."

Rimoti aliinamisha kichwa, akatazama mbele yake kwa makini, akatikisa kichwa kama mtu anayefikiri. "Naona," alisema. "Nimekuelewa."

Wimbo ulipita ubeti mzima.

"Mzee," mtangazaji alisema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka, "simu iko huku, mkono wako wa kushoto."

Halafu Rimoti alisikia karatasi zake zikiinuliwa mezani, moja baada ya nyingine, zikigeuzwa, zikirudishwa taratibu. Hakuna aliyesema neno kipofu. Kijana alimwambia watakipumzisha kipindi kidogo, wazungumze na meneja, asiwe na wasiwasi, afya kwanza. Alimshika mkono kumteremsha ngazi. Rimoti alitaka kumwambia kwamba anazijua ngazi hizo, lakini aliona haya, akashikwa.

Chini mkewe alikuwa anangoja. Redio ya duka la vifungo ilikuwa inapiga wimbo uleule. Aliupokea mkono wa mumewe kutoka kwa yule kijana, akashukuru, wakaondoka. Njia nzima hawakusema kitu ila "shimo" na "tuta".

Nyumbani Rimoti alikaa kwenye kiti chake bila kuvua miwani. Hasira ilikuwa inamchemka tangu ngazini, na sasa ikafurika.

"Umeniaibisha mbele ya mji mzima," alisema. "Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kunikuta nimesema uongo juu ya filamu. Hata moja. Nimekuomba kitu kimoja tu, unieleze unachokiona. Kwa nini?"

"Sikutaka usikie."

"Mimi mtoto? Ni filamu! Watu wanaachwa kwenye filamu kila siku!"

"Sikuwa naogopa filamu," mkewe alisema. Alikuwa amesimama, sauti yake ilitoka juu. "Yule mama alipoinuka pale kwenye benchi, mimi nilijua anakwenda wapi kabla hajafika kwenye basi. Hawajaonyesha bado. Nikajua. Nikaona nikisimulia ukweli, utanigundua kwa sauti. Wewe una masikio makali siku hizi."

Rimoti aligeuza uso kuifuata sauti.

"Mwezi wa sita nilikunja nguo zangu," mkewe aliendelea, bila ukali, kama anayeeleza mwigizaji amevaa nini. "Nguo chache. Nikaweka kwenye ule mfuko wa vitambaa. Nilitaka kwenda kwa dada yangu. Nikasema nitampigia simu mtoto wetu mkubwa aje akuchukue. Nimechoka, mzee. Sijui kama unajua nimechoka namna gani. Hujaniuliza hata siku moja. Unaniuliza wao wamevaa nini."

"Mbona hukwenda?"

"Ilikuwa Ijumaa. Nikasema kesho yake nikupeleke redioni kwanza. Ukasema yale mambo ya koti. Mtu wa vifungo akacheka, akasema huyu mzee anajua nguo kuliko mafundi. Nikarudi, nikazikunjua."

Hapo ndipo Rimoti alipoelewa kitu alichokivunja asubuhi ile pamoja na jina lake. Jumamosi haikuwa yake peke yake. Ilikuwa imewashikilia wote wawili, na sasa haipo. Alitaka kumwambia samahani, lakini neno lenyewe aliliona dogo, na alikuwa mtu aliyezoea kuwa na maneno. Alivua miwani. Alilia, na hakujificha, maana hakujua mkewe amesimama upande gani.

Baada ya muda alisikia kiti cha cherehani kikivutwa. Sare zilikuwa zinatakiwa Jumatatu. Mkewe alitunga uzi, akaulamba, akautunga tena.

"Nisikilize," Rimoti alisema. "Siku ukiondoka, niambie unaondoka. Usiniambie unakwenda kununua maji."

Alingoja mkewe aseme haondoki. Alikuwa ameyasema makusudi maneno yale, kama mtu anayesukuma mlango akijua umefungwa. Alitega sikio, akahesabu pumzi zake mwenyewe.

"Nitakuambia," mkewe alisema, na akaanza kushona.